Kabla hujamwita fundi mwizi, karatasi yako iko wapi?

Ukiketi kwenye kibanda chochote cha chai karibu na gereji za Nakuru, wimbo ni uleule. Fundi amekula pesa. Fundi ametoa spea mpya akaweka kuukuu. Fundi alisema Ijumaa, na Ijumaa zimepita sita. Kila mtu ana stori yake, na kila stori inaishia kwa neno moja: mwizi.

Sikatai kwamba wezi wapo. Lakini nikiuliza swali dogo, kibanda chote hunyamaza: mlipokubaliana hiyo kazi, mliandika wapi? Hapo utasikia "tulielewana tu", au "nilimwamini", au "fundi ni mtu wa mtaa". Yaani umempa mtu laki moja na hata kipande cha karatasi huna. Halafu unashangaa umepigwa.

Wacha nitumie mfano wa karavani, kwa sababu ndiyo kazi inayofichua kila kitu kuhusu sisi na mafundi wetu. Karavani ni ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa nyuma ya gari. Ukizunguka mashamba ya Njoro, Gilgil na Naivasha huwezi kukosa kuona moja imeegeshwa nyuma ya ghala, tairi zimekwisha upepo, kuku wanataga ndani. Kwa mwenye shamba ni takataka. Kwako wewe uliyechoka kutuma CV, ni biashara: jikoni la chipsi na smoki, kibanda cha kahawa, au kitanda cha kukodisha wakati Safari Rally inapojaza Naivasha. Tangu mbio hizo zirudi kwenye mashindano ya dunia mwaka wa 2021, kila msimu wake watu hulala popote penye nafasi. Wazo lenyewe si baya hata kidogo.

Balaa linaanza unapoifikisha gereji. Gari la kawaida lina makanika mmoja anayelijua. Karavani haina fundi wake. Inataka welda wa chasisi, seremala wa fremu, fundi wa bodi, fundi wa waya, mtu wa gesi, na mshonaji wa viti. Ni nyumba na gari kwa wakati mmoja. Kwa hivyo kila fundi anaweza kusema kosa ni la mwenzake, na wewe unabaki katikati ukituma pesa.

Kabla ya fundi, tuanze na ununuzi. Hapa Kenya trela huandikishwa peke yake. Ina logbook yake na namba yake inayoanza na herufi Z, tofauti na namba ya gari linaloivuta. Mtu akikuuzia karavani bila logbook kwa bei ya kutupa, jua umenunua banda la kuku. Litengeneze uwezavyo, lakini polisi wa kwanza barabarani atakurudisha shambani. Fuatilia rekodi za NTSA kupitia eCitizen kabla ya kutoa hata shilingi, na jina lililo kwenye rekodi liwe la anayekuuzia.

Pili, ijue karavani yako kabla fundi hajakueleza anachotaka ujue. Adui mkubwa ni maji. Mvua huingia kwenye maungio ya paa na pembeni mwa madirisha, inateremka ndani ya ukuta, na inaozesha mbao polepole huku bati la nje likiendelea kung'aa. Bonyeza kwa dole gumba chini ya kila dirisha na kwenye kila kona. Pakibonyea kama mkate, mbao zimekwisha, na hakuna rangi itakayozirudisha. Rangi ndiyo njia rahisi zaidi ya kuficha uozo, na ndiyo maana gereji nyingine huharakisha kupaka.

Kisha angalia chini. Tairi inaweza kuwa na kashata nzuri na bado iwe imezeeka, kwa sababu mpira huharibika hata ukiwa umesimama tu juani. Ubavuni, penye herufi DOT, mwishoni kuna tarakimu nne: 2316 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2016. Inua gurudumu kwa jaki, lizungushe, sikiliza. Likinguruma, beringi zimekauka grisi au zimekufa. Lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, usivute hiyo trela hata hadi petroli stesheni.

Na breki. Karavani nyingi za zamani hutumia breki za kusukumwa: gari likipunguza mwendo, trela inasukuma ndoano ya mbele, na ule msukumo unavuta vyuma vinavyobana magurudumu. Mfumo ni rahisi na mzuri. Lakini trela ikikaa uani miaka kumi, vile vyuma vinashika kutu na kuganda. Kwa macho kila kitu kipo. Ukiteremka ndipo utajua hakuna breki.

Wewe ni mtu wa Nakuru, sihitaji kukueleza mteremko ni nini. Umesikia Salgaa na Sachangwan tangu ukiwa mtoto, na umeona magari ya mizigo yakishuka pale yakinuka breki. Ndiyo sababu stori ya fundi na karatasi si ya pesa peke yake. Kazi mbovu ya kiti itakuudhi. Kazi mbovu ya ndoano itaua familia iliyo kwenye matatu nyuma yako.

Sasa twende gereji. Unaingia, fundi anazunguka karavani mara moja, anapiga bati kwa ngumi, anasema: "Boss, hii ni kazi ndogo. Leta sitini ya kuanza, wiki mbili unachukua." Wewe unasema hamsini. Anacheka, mnakubaliana arobaini na tano, unatuma kwa M-Pesa, unapiga picha ya kuweka status. Umefurahi kwa sababu umeshusha bei.

Umeshusha bei ya nini? Hakuna aliyesema. Je, sakafu imo? Mbao ni sipresi au plaiwudi? Breki zitafunguliwa au zitapakwa grisi kwa nje tu? Tairi ni za nani? Wewe umebishania namba, na ile namba haina kazi yoyote chini yake. Fundi aliyebanwa bei hadi mfupani, na hakuandikiwa kazi, ana njia moja tu ya kupata faida: kupunguza kazi. Hata hahisi kwamba anaiba. Kwake yeye umelipia ya arobaini na tano, umepata ya arobaini na tano.

Kuna jambo jingine ambalo wateja wengi hawalioni. Zile pesa zako za kuanza, mara nyingi hazianzi kazi yako. Fundi ana pikapu ya mteja aliyetangulia ambayo haijaisha, na pesa za yule mteja zilimaliza kazi ya mwingine kabla yake. Kwa hivyo pesa zako zinanunua gia boksi ya mtu usiyemjua, na karavani yako itasubiri mteja wa wiki ijayo aje na zake. Ni mnyororo. Siku wateja wapya wakikauka, mnyororo unakatika, na aliye mwisho wa foleni ndiye anayelia. Kodi ya uwanja, tokeni za stima na chakula cha vijana wa mkono havingoji.

Simtetei fundi. Ninasema tu kwamba ukiuelewa mnyororo, utajua dawa yake. Dawa si kumpigia simu mara ishirini kwa siku, wala kumpeleka kwa chifu. Dawa ni kutompa pesa nyingi kwa mkupuo mmoja.

Ukitaka niseme wazi, fanya hivi. Gawanya kazi kwa hatua: kwanza chasisi, ndoano, breki na magurudumu, pili fremu, sakafu na paa, tatu waya na gesi, mwisho bodi, rangi na viti. Kila hatua ina bei yake na inalipwa ikiisha, baada ya wewe kuiona kwa macho. Vifaa mnunue pamoja, risiti ibaki mfukoni mwako. Rangi isiguswe kabla hujaona welding ikiwa bado uchi. Na kila spea iliyotolewa, hata kama ni kutu tupu, urudishiwe mkononi.

Andika yote. Huhitaji wakili. Chukua daftari na uandike kwa Kiswahili cha kawaida: "Mimi na fundi tumekubaliana atafungua breki za magurudumu mawili, abadilishe beringi nne, achomelee ndoano upya. Ufundi ni kiasi hiki. Vifaa nanunua mimi. Itaisha tarehe hii. Akipata tatizo jingine atanitumia picha na bei, na hatalifanya kabla sijakubali." Wawili mtie sahihi, kila mmoja apige picha. Dakika kumi zimekwisha.

Kumbe hata hatuanzishi jambo jipya. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka wa 2012 ina sehemu nzima kuhusu ukarabati wa magari na bidhaa nyingine. Anayetengeneza anatakiwa kukupa makadirio ya bei kabla ya kazi. Hawezi kukutoza kazi ambayo hukuidhinisha. Akishakupa makadirio, bei ya mwisho haifai kuyazidi kwa zaidi ya asilimia 10. Spea zilizotolewa zina utaratibu wake wa kurudishiwa mwenyewe. Sheria ipo zaidi ya miaka kumi sasa, lakini wangapi kati yetu wamewahi kuitaja gereji?

Na mambo yakiharibika kabisa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka wa 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Mahakama hii haifungwi sana na zile kanuni nzito za ushahidi. Makubaliano ya daftari, meseji za M-Pesa na picha za WhatsApp vinaweza kusimulia kesi yako vizuri. Lakini lazima viwepo. "Tulielewana tu" haina picha.

Najua utakachosema. Utasema fundi wa jua kali ukimtolea karatasi atakuona mjuaji, apandishe bei au akufukuze. Wapo watakaofanya hivyo. Washukuru, kwa maana wamekuokolea pesa mapema. Lakini zungumza na mafundi wazuri uone. Nao wana stori zao. Wateja huleta gari, wanalipa nusu, wanapotea mwaka mzima huku gari likikalia nafasi ya kazi. Wengine wanabadilisha mawazo katikati: alitaka kitanda, sasa anataka kaunta ya kahawa, na bei hataki isogee. Wengine wanachukua trela Jumamosi jioni na kuahidi kutuma salio "nikifika nyumbani". Hadi leo hawajafika nyumbani. Karatasi inamlinda fundi kama inavyokulinda wewe. Fundi makini akiiona atashusha pumzi, si kukasirika.

Kuna na wale wataosema suluhisho ni kuhama jua kali kabisa, twende kwa gereji kubwa zenye vigae na kahawa ya bure. Sawa, risiti utapata. Lakini gereji nyingi za aina hiyo hazitaki kuona karavani ya mwaka wa sabini. Kazi yao ni kutoa kifaa na kuweka kingine kipya kutoka kwa boksi, na spea za karavani hiyo haziko kwa boksi la mtu yeyote. Mtu anayeweza kuitazama springi iliyokatika na kutengeneza nyingine kutoka kwa chuma cha lori, ni yule wa jua kali. Kipaji kiko pale, chini ya mwembamba wa kivuli cha bati. Kinachokosekana ni utaratibu, na utaratibu haununuliwi ng'ambo.

Tusisahau kwamba ni ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, ya mwaka wa 1972, iliyoifanya dunia ianze kuzungumzia "sekta isiyo rasmi" kama sehemu halisi ya uchumi. Zaidi ya nusu karne baadaye, bado tunaichukulia kama mahali pa kubahatisha. Na hapa kwetu, mwaka wa 2021 UNESCO iliingiza Nakuru kwenye orodha ya miji bunifu duniani kwa upande wa kazi za mikono na sanaa za kienyeji, kisha Desemba 1 mwaka huohuo tukapewa hadhi ya jiji. Jiji la kazi za mikono! Basi kazi ya mikono ipewe heshima yake, na heshima ya kwanza ni kuiandika na kuilipa inavyostahili.

Serikali ya kaunti inaweza kusaidia bila bajeti kubwa. Ichapishe fomu moja rahisi ya kazi, ya Kiswahili, ipatikane kwa kila gereji inayolipa leseni: kazi ni ipi, bei ni ngapi, tarehe ni lini, spea za zamani ziko wapi. Vijana wanaojifunza kwa mikono wapewe msukumo wa kufanya mitihani ya ufundi ya NITA, ambayo haimdai mtu cheti cha chuo kikuu, ili mteja awe na cha kuuliza zaidi ya "nani alikuonyesha huyu fundi?" Na wale wanaosoma ufundi katika vyuo vyetu vya Nakuru wafundishwe kuandika makadirio, sio kushika spana pekee.

Lakini usingoje kaunti. Karavani iko uani sasa hivi, na akiba yako ni ileile uliyokusanya kwa boda, kwa saluni, au kwa chama. Ukishatengeneza, usiivute moja kwa moja hadi Naivasha ili TikTok ikuone. Ivute kwanza taratibu, bila mzigo, kwenye barabara tambarare, fundi akiwa ndani ya gari pamoja nawe. Simama mara kadhaa, kisha shuka uguse magurudumu. Moja likiwa moto kuliko lenzake, breki au beringi haziko sawa. Rudini gereji. Usithubutu kuteremka Subukia wala Salgaa kabla ya jaribio hilo kupita, na usilipe hatua ya mwisho kabla yake.

Ukiweka jikoni ndani, kumbuka gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, inalala sakafuni ikingoja cheche. Mtungi ukae nje, na sakafuni pawe na tundu la kupitisha hewa. Uvujaji unapimwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Hilo nalo liandike kwenye karatasi yenu, kwa sababu usipoliandika, fundi wa bodi ataliziba hilo tundu akidhani ni kosa la welda.

Wiki hii kuna mtu wako anayejiandaa kupeleka gari, friji, pikipiki au karavani kwa fundi. Mtumie makala hii kabla hajatuma pesa. Na wewe mwenyewe, ukifika gereji kesho, salimia vizuri, ulizia watoto, kunywa chai ukikaribishwa. Kisha toa daftari na useme, "Fundi, kabla tuanze, tuandike."